Msiseme ngano yetu mbovu, semeni ina nini

Najua wengi mko kwenye madesa maana UE ndiyo hiyo inabisha hodi, lakini hili nimeshindwa kulimeza. Juzi baada ya pindi tulibishana kibarazani karibu saa nzima. Mshkaji mmoja (kasema nisimtaje, sawa bwana) akatoa hukumu: ngano inayolimwa Tanzania ni mbovu, ndiyo maana viwanda vinaagiza ya nje. Kwisha. Akanyanyuka akaenda zake kununua chipsi, akatuacha tunatazamana.

Mimi sikubali. Na sikatai kwa ajili ya uzalendo, maana uzalendo hauumui mkate. Wala sisemi ngano yetu yote ni nzuri. Ninachosema ni kimoja tu: kwenye ngano neno "mbovu" halina maana mpaka useme mbovu kwa kupika nini, na mbovu kwa sababu gani. Anayesema mbovu halafu akaishia hapo hajapima kitu. Katukana tu.

Sasa naomba mnivumilie kidogo, nitapita kwenye jenetiki. Nitajitahidi isiwe pindi la pili.

Mnaijua kashata ya karanga. Fundi akiipika vizuri, sukari inazishika karanga barabara. Ukiuma, ufa unapita katikati ya karanga, zinakatika pamoja na sukari. Sasa fikiria mtu kazipaka karanga mafuta kabla ya kumimina sukari. Ukiuma, karanga zinachomoka nzima nzima, sukari inabaki na mashimo.

Punje ya ngano kwa ndani iko hivyo hivyo. Karanga ni chembe za wanga, sukari ni protini iliyozizunguka. Kuna ngano ambazo wanga na protini vimeshikana sana, hizo tunaziita ngumu. Na kuna ambazo vinaachiana kirahisi, hizo ni laini. Na yale "mafuta" ya kwenye mfano wangu si mfano tu, kuna kitu halisi pale. Mwaka 1986 Greenwell na Schofield, watafiti wa Uingereza, waliosha wanga wa ngano mbalimbali wakatazama protini zilizobaki zimeganda juu ya chembe. Kwenye ngano laini walikuta protini moja kwa wingi. Kwenye ngumu ilikuwa kidogo. Kwenye durumu, ile ngano ya tambi, haikuwepo kabisa. Wakaiita friabilini.

Baadaye ikajulikana kwamba friabilini kwa sehemu kubwa ni protini mbili ndugu, puroindolini a na puroindolini b. Jeni zake zinakaa jirani kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 5D. Kazi yake ni ile ya mafuta kwenye karanga: zinakaa juu ya chembe ya wanga pamoja na mafuta ya asili yaliyopo pale, zinazuia wanga na protini visigandane. Zote mbili zikiwa nzima, punje inakuwa laini. Moja ikiharibika au ikipotea, punje inakuwa ngumu.

Hapa ndipo mimi hushika kichwa. Mwaka 1997 Michael Giroux na Craig Morris wa Marekani walionyesha kwamba ngano nyingi ngumu zinatofautiana na laini kwa herufi moja ya DNA kwenye jeni ya puroindolini b. Moja! Palipotakiwa kuwa na GGC pamekuwa AGC, basi glisini ya nafasi ya 46 imekuwa serini. Ni kama umeandika "paka", ukateleza herufi moja, ikawa "taka". Mwaka uliofuata wakaonyesha kundi jingine la ngano ngumu ambalo kosa lake liko kwa yule ndugu wa pili, puroindolini a haipo kabisa.

Jinomu ya ngano ya mkate ina herufi kama bilioni 16 hivi, zaidi ya mara tano ya ile ya binadamu. Katika zote hizo, herufi moja ikibadilika kwenye jeni yenye herufi 447, unahama kutoka kwenye biskuti kwenda kwenye mkate.

Kama bado kuna mwenye mashaka kwamba jeni hizi ndizo zenyewe, kuna majaribio mawili nayapenda sana. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba wameingiza jeni za puroindolini kwenye mpunga, mchele ukawa laini zaidi kusagika. Na mwaka 2011 Morris na wenzake walieleza jinsi walivyohamisha kipande cha kromosomu ya 5D kwenda kwenye durumu. Durumu haina jinomu ya D kabisa, ina kromosomu 28 badala ya 42, ndiyo maana ni ngumu kuliko zote. Ilipopewa kile kipande ikalainika, ikawa inasagika kama ngano ya keki. Sasa mtu akikwambia ugumu wa punje ni suala la mkulima kujituma au kutojituma, mwambie aende akabishane na kromosomu.

Tuje jikoni.

Ngano ngumu ikipita kwenye roli za kinu, ufa unapita katikati ya chembe za wanga, kama karanga za kashata nzuri. Chembe nyingi zinapata majeraha. Wanga wenye majeraha unakunywa maji mengi kuliko wanga mzima. Kwa hiyo unga wa ngano ngumu unakubali maji mengi, na mwoka mikate anapenda hilo mno, kwa sababu maji ndiyo kiungo cha bei nafuu kuliko vyote kwenye mkate. Chukua hesabu ya mfano tu. Kilo 100 za unga unaokubali maji kilo 54 zinatoa donge la kilo 154. Unga unaokubali kilo 61 unatoa donge la kilo 161. Kama kila mkate unakula donge la gramu 550, tofauti ya kilo 7 ni mikate 12 na chenji. Kila siku, kwa kila kilo 100. Sasa unaelewa kwa nini mwoka mikate ananuna akiletewa unga laini.

Halafu wanga wenye majeraha unashambuliwa kirahisi na vimeng'enya, unatoa sukari, hamira inapata chakula. Faida juu ya faida. (Majeraha yakizidi mno donge linakuwa gundi, kwa hiyo kuna kiasi.)

Upande wa pili, mtu wa biskuti anataka kinyume chake. Yeye maji yote anayoweka lazima ayatoe tena kwenye oveni, la sivyo biskuti haikatiki vizuri mdomoni. Anataka unga unaokunywa maji kidogo, mwororo kama poda. Mpelekee ile ngano ngumu anayoililia mwoka mikate, atakwambia umemletea ngano mbovu. Na kwa biashara yake hajakosea.

Na chapati je? Unga wa ata wa India, unaosagwa kwa mawe, unasifika kwa sababu mawe yanaumiza wanga sana, unga unakunywa maji, na chapati inabaki laini hata ikipoa. Ukitaka chapati isigeuke soli ya kiatu kesho yake asubuhi, unalilia maji yale yale anayoyalilia mwoka mikate.

Kwa hiyo swali la nzuri na mbovu limeshakufa hapo. Kilichobaki ni nzuri kwa nani.

Nalisema hili kwa sababu historia imeshatuonyesha mbovu ikigeuka dhahabu bila punje yenyewe kubadilika. Huko Marekani, karne ya 19, vinu vilikuwa vya mawe, na wasagaji walipenda ngano laini. Ngano ngumu ya masika ya Minnesota iliuzwa kwa bei ya chini kwa sababu kwenye mawe pumba zilipasuka vipande vidogo vidogo zikachafua unga. Na Wamenonaiti walipohamia Kansas kutoka Urusi mwaka 1874 na ngano yao ngumu, wasagaji wa kule nao hawakuifurahia mwanzoni, ilikuwa inasumbua mawe. Kilichobadilika ni kinu. Zikaja mashine za kupepeta pumba, zikaja roli za chuma kutoka Hungaria, na ngano ile ile iliyodharauliwa ikawa ndiyo inayotafutwa. Mbegu haikutubu dhambi yoyote. Aliyeinunua ndiye aliyejifunza kuitumia.

Sasa niwape kisa kinachoniuma, maana bila hicho ningeendelea na madesa yangu kimya kimya.

Nina shangazi Makete, analima ngano kidogo pamoja na viazi. Msimu mmoja alipeleka magunia 14 kwa mnunuzi. Yule bwana akachota punje kiganjani, akauma mbili tatu, akatema. "Laini hii mama, ngano mbovu." Bei ikashuka hapo hapo. Hakuna karatasi, hakuna kipimo, ni meno tu. Jioni shangazi akanipigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Wewe si unasoma mambo ya mbegu huko chuoni? Hebu nieleze. Nimelima kwa wakati, nimepalilia, mbolea nimeweka. Huo ubovu umeingilia wapi?"

Wadau, hilo swali ni zuri kuliko maswali mengi niliyowahi kuyaona kwenye tesiti. Umeingilia wapi? Ukilipeleka kwa mtu anayejua ngano, atakwambia jino la mnunuzi linaweza kuwa limekutana na kitu chochote kati ya vitu kadhaa, na kila kimoja kina njia yake.

Cha kwanza, punje inaweza kuwa na unyevu tu. Ngano isiyokauka vizuri inaumika kama laini hata kama kwa jeni ni ngumu. Dawa yake ni jua na turubai.

Cha pili, inaweza kuwa laini kwa jeni, puroindolini zote mbili nzima. Hapo jembe wala mbolea havitasaidia. Ngano hujichavusha yenyewe, kwa hiyo ukitunza mbegu ya mwaka huu ukapanda mwakani unapata tabia ile ile. Dawa ni kubadilisha mbegu, au kuiuza kwa mtu wa biskuti na keki kwa bei ya heshima.

Cha tatu, inaweza kuwa na protini kidogo, na hilo ni suala jingine kabisa. Wingi wa protini unategemea sana naitrojeni iliyomo kwenye udongo na ilitiwa lini. Dawa ni mbolea kwa wakati wake.

Cha nne, protini inaweza kuwepo ya kutosha lakini gluteni yake ikawa legelege, haivutiki ikashika hewa ya hamira. Hii nayo ni jeni, ila si zile za 5D. Ni zile za gluteni kubwa zilizopo kwenye kromosomu za 1A, 1B na 1D, ambazo Payne na wenzake kule Cambridge walizichambua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Ngano inaweza kuwa ngumu kama kokoto na gluteni yake ikawa ya hovyo. Na inaweza kuwa laini na gluteni imara. Hizi ni bahati nasibu mbili tofauti, ukishinda moja si lazima ushinde ya pili.

Cha tano, inaweza kuwa imeanza kuota shambani kwa sababu mvua ilinyesha wakati wa kuvuna. Hapo vimeng'enya vimeshaanza kula wanga, na mkate wake ndani utanata kama umetiwa gundi. Mikoa ya baridi na mvua kama ya kule kwa shangazi inaijua shida hii. Dawa ni kuwahi kuvuna, au mbegu isiyoharakisha kuota.

Mambo matano, dawa tano, na watu watano tofauti wa kulaumiwa au kusaidiwa. Yote yakafungwa kwenye neno moja, "mbovu", na bei ikashuka. Shangazi akarudi nyumbani asijue anunue turubai, mbolea au mbegu. Mwaka uliofuata akapunguza ngano akaongeza viazi. Nani wa kumlaumu?

Ndiyo maana nasema neno hilo ni la uvivu, na ni la gharama. Mkulima akiambiwa tatizo, analishughulikia. Akiambiwa yeye mbovu, anaacha kulima. Halafu sisi tunashangaa kwa nini ngano tunayokula sehemu kubwa inapanda meli. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022 bei ya ngano ilipaa dunia nzima, na maandazi ya kafteria yakawa madogo hadi ukashindwa kuyaona kwenye sahani. Wakati ule kila mtu alisema tulime ngano yetu. Sawa, tulime. Lakini tutainunuaje? Kwa meno?

Tena si kwamba nchi hii haijawahi kulipia ngano. Miaka ya 1970 na 1980 yalifunguliwa mashamba makubwa ya serikali kule Hanang kwa msaada wa Kanada, na Wabarabaig wakapoteza malisho yao ya Basotu. Gharama ya namna hiyo mnaijua. Baada ya yote hayo, kushindwa kumwambia mkulima mdogo punje yake ina nini ni aibu.

Najua mtanijibu nini, kwa hiyo ngoja niwahi.

Mtasema ugonjwa kwanza. Kutu ya shina aina ya Ug99 ilionekana Uganda mwaka 1998, ikapewa jina mwaka 1999, na ikawatisha wanangano wa dunia nzima mpaka mbegu za nchi nyingi zikaanza kupelekwa Njoro, Kenya, zikajaribiwe pale. Mtafiti mwenye kutu mlangoni ataanzaje kuhangaika na biskuti? Hoja ina uzito, siibezi. Ngano iliyokufa haina ugumu wala ulaini. Lakini si lazima uchague kimoja. Jeni ya ugumu ni rahisi kuifuatilia kuliko nyingi: unachuma kipande cha jani la mche, unatoa DNA, unajua kabla hata ya suke kutoka. Ukichanganya mzazi laini na mzazi mgumu, kizazi cha pili kinakupa takribani robo ngumu kamili, nusu mchanganyiko, robo laini kamili. Hiyo ni Mendel ya fomu foo. Unaweza kubagua mapema, halafu unaendelea na kutu yako kwa mimea michache zaidi. Kazi inapungua, haiongezeki.

Mtasema pia viwanda vinachanganya ngano za nchi mbalimbali na kuongeza gluteni na vimeng'enya, kwa hiyo punje ya mkulima mmoja haina maana. Ni kweli wanachanganya. Lakini ili uchanganye lazima ujue unachanganya nini na nini. Kabla ya kusaga, ngano hulowanishwa maji, na ngumu inahitaji maji mengi zaidi na saa nyingi zaidi kuliko laini. Ukimwaga gunia la laini ndani ya lundo la ngumu bila kujua, kinu kinapata shida na zote mbili. Kwa hiyo kipimo kinamsaidia hata huyo mwenye kiwanda.

Na kuna mtakaosema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Hapana. Uingereza, mbegu za ngano zimepangwa kwenye makundi manne na wasagaji wenyewe. La 1 na la 2 ni za mkate, la 3 ni laini za biskuti na keki, la 4 ni zilizobaki, laini na ngumu, na nyingi huishia kulisha mifugo. Mkulima anajua kundi kabla hajapanda. Akilenga mkate wa daraja la juu anajua anaulizwa protini asilimia 13 na ile namba ya kupima kuota sekunde 250. Wa kundi la 3 haambiwi analima ngano mbovu, anaambiwa analima ngano ya biskuti. Kinachohitajika hapo si utajiri, ni orodha. Karatasi moja iliyobandikwa kwenye ukuta wa duka la pembejeo.

Kuhusu kipimo, zipo mashine zinazobana punje 300 moja moja na kutoa namba ya ugumu. Laini inaangukia karibu na 25, ngumu karibu na 75. Mashine hiyo si ya bei ya bumu, nakubali. Lakini ipo njia ya kusaga na kuchekecha: unasaga kwa kinu kile kile, unachekecha kwa muda ule ule, unapima uzito wa kilichopita. Laini inapita zaidi. Chekeche na mzani haviwezi kushinda ghala la ushirika.

Na wewe unayesoma hili bwenini, jaribu mwenyewe na unga wowote wa dukani. Finya unga mkavu kiganjani. Ukibaki donge lenye alama za vidole, huo una ulaini. Ukiachia na kumwagika, ukiusugua unasikia chengachenga kama mchanga mwembamba sana, huo una ugumu. Halafu kanda donge dogo, liache nusu saa, lioshe taratibu kwenye maji mpaka maji yasiwe meupe. Kinachobaki ni gluteni, ivute kama bigijii. Ikikatika haraka ni legelege, ikivutika na kurudi ni imara. Mwisho pika uji wake. Ukianza mzito halafu ukalegea kama maji, punje zilikuwa zimeanza kuota. Majaribio matatu, majibu matatu tofauti. Yule mnunuzi alikuwa na jino moja.

Kitu cha mwisho kuhusu jeni, halafu niwaache mkasome. Jinomu ya D, ambayo ndiyo imebeba puroindolini, iliingia kwenye ngano ya mkate kutoka kwenye jani pori linaloitwa Aegilops tauschii, miaka kama elfu nane mpaka elfu kumi iliyopita. Jeni zilizokuja nazo zilikuwa nzima. Maana yake ulaini ndiyo hali ya asili ya ngano ya mkate, na ugumu ni jeni iliyokatika. Huo mkate mrefu tunaousifia umesimama juu ya jeni mbovu! Tungekuwa tunafuata mantiki ya kibarazani juzi, tungeitupa siku ile ile ilipoharibika. Kwa bahati nzuri kuna watu waliiona ni tofauti tu, wakaitafutia kazi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wale mnaosoma kilimo na sayansi ya chakula, ambao miaka michache ijayo mtakaa kwenye ofisi za mbegu, kwenye vinu na kwenye ghala: mtu akileta gunia, msimwambie mbovu. Mwambieni ina unyevu, au ni laini, au protini haitoshi, au gluteni legelege, au imeota. Mwandikieni kwenye karatasi. Hata kama bei itabaki ndogo, aondoke akijua msimu ujao abadilishe nini.

Na mshkaji wangu wa chipsi, najua utasoma hapa. Ukitaka kubisha uje na unga wako tuoshe donge.

Mnaonaje wenzangu? Wa Njombe, Mbeya, Arusha na Hanang hasa, huko kwenu mnunuzi anapimaje? Na kwenye chapati mnafinya unga kwanza au mnaamini mfuko tu? Nisahihisheni, niongezeeni.

Naomba kuwasilisha.